Mwenye Jina na Mwenye Gitaa la Pili

KIJANA WA BENDI: Sisi tumeshaamua. Tutapiga nyimbo za Kakai Kilonzo, na bendi itaitwa Kilimambogo. Kuanzia Sultan Hamud hadi Mtito Andei, ukitaja Kilimambogo huna haja ya kueleza. Jina linajaza ukumbi kabla hujachomeka waya wa gitaa.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Jina la nani hilo unalojazia ukumbi?

KIJANA WA BENDI: La Kakai, mzee. Liwe la nani tena?

MPIGA GITAA WA ZAMANI: La mlima. Kilimambogo ni mlima, uko kule upande wa Thika, na Kakai aliuazima tu. Mbele akaweka "Les" ya Kifaransa, kwa sababu wakati ule Wakongo walikuwa wamejaa kumbi za Nairobi na kila bendi ilitaka kunukia Kinshasa. Nyuma akaweka "Brothers". Sasa lisome lote: Les Kilimambogo Brothers. Umemwona Kakai humo? Humo mna mlima na ndugu. Nakuuliza basi, hao ndugu wako wapi kwenye mpango wako?

MWALIMU WA MUZIKI: Mzee, usimbane kijana kwa jina. Lebo za santuri zilimtaja Kakai Kilonzo, na hilo halikuja kwa bahati. Tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi alipofariki 1987, muziki wa dansi wa Ukambani ulikuwa na mabingwa watatu. Kulikuwa na Peter Mwambi na Kyanganga Boys wake. Kulikuwa na Onesmus Musyoki na Kalambya Boys. Na kulikuwa na Kakai. Mashabiki wa wale wawili watanifukuza sokoni nikisema walikuwa nyuma yake, kwa hiyo sisemi. Ninachosema ni kwamba Kakai ndiye aliyevuka mpaka. Alitunga kwa Kikamba, akatunga kwa Kiswahili, na "Mama Sofi" ikaingia nyumba ambazo hazijui hata kusalimia kwa Kikamba. Mtu mmoja ndiye aliyeamua hivyo. Bendi haitungi, mwalimu mwenzangu. Mtu ndiye hutunga.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Mimi si mwalimu mwenzako, mimi ni mtu wa nyuzi. Na wewe, mara ya mwisho kushika gitaa ilikuwa lini? Haya, sikiliza. Chukua wimbo wowote wa Kikamba wa enzi zile. Gitaa moja liko chini, kwenye nyuzi nene, linashika mwendo. La pili liko juu, mkono umepanda hadi karibu na tumbo la gitaa, linazunguka zile noti chache bila kupumua, kama mtoto anayekimbia kuzunguka nyumba huku mama yake anapika. Ukilisikiliza hulisikii. Ukilitoa, wimbo unalala chini kama hema lililokatwa kamba. Katika muziki wa benga Mjaluo ana yake, Mkikuyu ana yake, sisi tunajulikana kwa ile pete inayozunguka. Sikupiga kwa Kakai, wala sidai. Nilipiga kwa bendi tatu ambazo hazina haja ya kutajwa. Lakini naijua ile pete ilivyopatikana. Haikupatikana kwa mwenye jina kukaa na kalamu. Ilipatikana saa nane usiku, watu wamelewa, promota hataki mpumzike, kidole kimepasuka, na mpiga gitaa la pili anatafuta njia ya kupiga bila kukanyaga uzi unaomuuma. Kesho yake bosi anasema, "Ile ya jana irudie." Ikawa wimbo wa bosi.

MAMA WA HOTELI: Ninyi wanaume mnagombania vidole. Sisi tulikuwa tunasikiliza maneno. Nyumbani kwetu kulikuwa na gramafoni ya betri, na baba alikuwa na santuri ndogo zile, wimbo mmoja umekatwa pande mbili. Upande wa kwanza ni hadithi: nani kamwacha nani, nani kala mahari akakana. Unageuza. Upande wa pili hadithi imeisha, magitaa yamepanda, waimbaji wanaitana majina, na hapo ndipo baba alikuwa anainuka kitini. Mimi sikutaka ageuze. Nilitaka hadithi irudi mwanzo. Kakai kwangu mimi ni upande wa kwanza.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Na baba yako alinunua santuri kwa ajili ya upande gani?

MAMA WA HOTELI: Alinunua kwa ajili ya kuwaonyesha majirani kwamba ana gramafoni.

MWALIMU WA MUZIKI: Mama amegusa penyewe. Kabla ya gitaa, Wakamba walikuwa na myali, nyimbo za ngoma za kumsema mtu aliyepotoka. Mwizi wa mbuzi aliimbwa, mume mvivu aliimbwa, na aliyeimbwa hakuwa na pa kujificha. Watunzi wa bendi walirithi kazi hiyo, wakaihamishia kwenye spika. Huo ni ufundi wa ulimi. Ndiyo maana nasema urithi wa Kakai ni utunzi. Pete za gitaa zilikuwa kwa kila bendi. Masimulizi yake yalikuwa yake.

MAMA WA HOTELI: Mwalimu, usinichukue uniweke upande wako mapema hivyo. Maneno yanaimbwa na mdomo, na mdomo una mwenyewe. Unaukumbuka ule wimbo wa "Katelina"? Yule msichana mpenda uki, pombe yetu ya kienyeji, kila ukigeuka ana mimba? Nchi nzima ilicheka. Wameimba akina dada, Kalambya Sisters. Nyuma yao wanapiga Kalambya Boys. Sasa kwenye orodha yako ya mabingwa watatu umemtaja Musyoki, hukumtaja dada hata mmoja.

MWALIMU WA MUZIKI: Nilikuwa nazungumzia viongozi wa bendi.

MAMA WA HOTELI: Ndiyo. Na mimi nazungumzia hilo hilo.

(Mwalimu hapa alinyamaza muda mrefu kuliko ilivyo desturi yake. Mwandishi amekaa naye kwenye vikao vingi, anajua.)

KIJANA WA BENDI: Basi, kama jina la Kilimambogo lina mgogoro, tuliache. Tujiite Makindu Jazz.

MAMA WA HOTELI: Jazz! Mna tarumbeta ngapi?

KIJANA WA BENDI: Hatuna.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Hilo si kikwazo. D.O. Misiani aliiita yake Shirati Jazz na ilikuwa benga ya magitaa tangu mwanzo hadi mwisho. Tanzania ndiyo usiseme: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Wengine walikuwa na saksafoni kweli, lakini hata wasingekuwa nayo wangejiita hivyo. Jazz maana yake ilikuwa vijana wa mjini, suti moja, viatu vimepigwa rangi. Sisi Ukambani tulipenda Boys. Kalambya Boys, Kyanganga Boys, Katitu Boys. Mtu ana wajukuu bado ni Boy. Nilikuwa nalicheka jambo hilo mpaka siku moja ya malipo. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye mashamba ya katani na nyumba za wazungu walikuwa na neno lao: boi. Boi ni anayetumwa. Nikatazama ile bahasha yangu, nikamtazama bosi anavyohesabu ya kwake, nikaelewa kwa nini tunaitwa Boys.

KIJANA WA BENDI: Mlilipwa vipi?

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Tulipanda basi usiku kwenda Nairobi. Studio asubuhi, nyimbo nne, wakati mwingine sita, maana mwenye studio anahesabu saa. Ukikosea, wote mnarudia, na wote wanakutazama. Jioni mwenye jina anaingia ofisini, anatia saini, anatoka na noti. Mimi nauli, mlo na kitu cha kumnyamazisha mke. Hakuna karatasi niliyotia saini maishani mwangu yenye jina la wimbo. Sisemi bosi alikuwa mwizi. Yeye naye aliuza wimbo mara moja, kwa bei moja, na santuri ikiuzwa mia au laki, hiyo si habari yake tena. Aliibiwa kwa jumla, sisi tukaibiwa rejareja.

MWALIMU WA MUZIKI: Mzee, hapo nakubali kila neno. Lakini usichanganye malipo na urithi. Huko Marekani, Duke Ellington aliongoza bendi kubwa ya jazz karibu nusu karne. Ule wimbo wa treni ambao ulikuwa kama kitambulisho cha bendi yake, "Take the 'A' Train", si yeye aliyeutunga. Ni Billy Strayhorn. Tena wapigaji wake walikuwa wanalalamika kama wewe: mtu anabuni kipande kwenye mazoezi, kesho ni wimbo wa Duke. Hayo yote ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba pesa za nyimbo zake Duke alizirudisha kwenye mishahara, ili wale watu wasitawanyike. Alitaka kuandika wimbo usiku na kesho yake asikie unavyosikika. Kiongozi wa bendi ni huyo. Ni mtu anayewaweka watu kumi na tano, kila mmoja na kiburi chake, ndani ya basi moja kwa miaka. Jaribu kuwaweka wanne tu hapa Makindu kwa mwezi mmoja, halafu uniambie kwamba mwenye jina hakufanya kitu.

KIJANA WA BENDI: Tuko watano. Mpiga besi ameshatoka mara mbili.

MWALIMU WA MUZIKI: Umeona? Na Duke alipokufa 1974, mwanawe Mercer alishika bendi ikaendelea. Count Basie alikufa 1984, orkestra yenye jina lake ingali inapiga. Glenn Miller ndege yake ilipotea vitani 1944, na mpaka leo kuna watu wanapanda jukwaani kwa jina lake. Kwa hiyo kijana akitaka kupiga kwa jina la Kilimambogo hajaanzisha dhambi mpya duniani.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Hao walikuwa na makaratasi! Kila chombo kimeandikiwa sehemu yake. Anayekufa anazikwa, karatasi inabaki kwenye sanduku, anakuja mwingine anaisoma. Kakai aliacha sanduku gani? Sisi wimbo ulikaa vidoleni. Kidole kikienda kaburini kimekwenda na wimbo.

KIJANA WA BENDI: Vimebaki kwenye YouTube, mzee. Ninapunguza mwendo hadi nusu, nasikiliza gitaa la pili peke yake upande wa kulia wa spika. Wiki mbili nimeshapata mmoja.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Upande wa kulia. Umesema umelipata?

KIJANA WA BENDI: Nimelipata.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Tutaona.

DEREVA WA LORI: Wazee wangu, mniwie radhi, mimi nimeshuka kunywa chai tu, gari langu liko pale karibu na hekalu la Masingasinga. Lakini nimesikia habari ya bendi kufa na mtu wake, na mimi ni mzaliwa wa Kisauni. Pale kwetu ndipo alipopata ajali Mbaraka Mwinshehe, Januari 1979. Babangu alituonyesha mahali. Sasa huyo mtu tazama safari yake. Aliingia Morogoro Jazz akiwa kijana, akaikuza mpaka wakapelekwa Japani kwenye maonyesho ya Osaka 1970. Mwaka 1973 akaondoka, akaunda Super Volcano, bendi ya kwake mwenyewe. Miaka sita, volkano imezimika. Na Morogoro Jazz aliyoiacha nayo ikafifia. Mtu mmoja, bendi mbili, zote kwisha. Lakini mimi nikiwasha redio ya gari usiku, kati ya hapa na Voi, ni Mbaraka. Sasa semeni wenyewe: amekufa huyo?

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Yeye hajafa. Nani alipiga gitaa la pili la Super Volcano?

DEREVA WA LORI: Sijui, mzee.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Basi huyo ndiye aliyekufa.

DEREVA WA LORI: Lakini mzee, hebu tupite njia ya pili. Dar kuna Msondo. Ilianza 1964 ikiitwa Nuta Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Mshahara wa mwezi, kama karani. Chama kikabadilisha jina, bendi ikabadilisha: Juwata, halafu OTTU, halafu Msondo Ngoma. Mwaka 1978 kina Muhidin Gurumo walihama wakaenda kuanzisha Mlimani Park, na Msondo haikufa. Ilijaza nafasi ikaendelea. Kwa nini? Kwa sababu haikuwa ya mtu.

MWALIMU WA MUZIKI: Na hapa kwetu tuna mfano wake, Maroon Commandos. Bendi ya jeshi. Habel Kifoto aliiongoza miaka mingi, amefariki 2011, bendi ingaliko, kwa sababu mpiga tarumbeta ni askari na mshahara unatoka serikalini. Lakini niwaulize swali ambalo mtalichukia. Nani kati yenu anajua Maroon Commandos ya leo inapiga nini?

MAMA WA HOTELI: Mimi najua "Charonyi ni Wasi".

MWALIMU WA MUZIKI: Ya 1977! Ndicho ninachosema. Taasisi inahifadhi mishahara, haihifadhi moto. Bendi isiyo ya mtu inaweza kuishi miaka mia bila kusema kitu. Volkano ilizimika, lakini iliwaka.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Mwalimu, mshahara wako unatoka wapi?

MWALIMU WA MUZIKI: Serikalini.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Basi ni rahisi kwako kuupenda moto.

MAMA WA HOTELI: Hiyo "Charonyi ni Wasi" mmeitaja mkapita, msiipite. Ule wimbo ni wa Kitaita. Mimi sijui Kitaita. Nchi nzima haijui Kitaita. Na nchi nzima iliucheza. Sasa mwalimu anamsifu Kakai kwamba alivuka mpaka kwa Kiswahili. Nani alisema lazima uvue nguo zako ndipo uvuke mto? Ukimsikia Kakai kwa Kikamba kuna mafumbo, kuna neno analigeuza kidogo tu, mama mkwe akiwa chumbani anajua limempata, watoto hawajui kitu. Kwa Kiswahili ni wazi kama mchana. Ni mzuri, lakini ni mzuri wa mgeni.

MWALIMU WA MUZIKI: Mama, unamhukumu wa jana kwa redio za leo. Leo unaamka na Musyi FM, ukichoka unahamia Mbaitu FM, kutwa Kikamba. Wakati wa Kakai kulikuwa na Sauti ya Kenya tu. Idhaa ya Kiswahili ilisikika nchi nzima, na lugha za mama ziligawiwa saa zao, kama watoto wanaogawiwa nyama. Mtunzi akitaka asikike Kakamega na Lamu, mlango ulikuwa mmoja. "Charonyi" ilipenya, nakubali, lakini kwa wimbo mmoja uliopenya kuna mamia yaliyobaki kwenye saa yao ya jioni.

MAMA WA HOTELI: Na Ken wa Maria, mwimbaji wetu wa Kikamba? "Fundamentals" imepigwa mpaka harusi za watu wasiojua Machakos iko wapi.

MWALIMU WA MUZIKI: Wa juzi huyo. Ana simu, ana video, watu wanamwona anavyocheza.

KIJANA WA BENDI: Mama, mimi nakaa nawe kwa hoja ya mafumbo. Ila biashara yetu iko barabarani. Makindu watu wanashuka kwenye basi dakika ishirini. Huyu anatoka Mombasa, huyu anaenda Nairobi, huyu dereva hapa ni wa Kisauni. Nikipiga Kikamba, wateja wako wanane wanainua vichwa. Nikipiga "Mama Sofi", hoteli nzima inatikisa mguu.

MAMA WA HOTELI: Hao wanane ndio wanaorudi kesho.

DEREVA WA LORI: Hata mimi hurudi, mama. Chapati zako hazina lugha.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Turudi kwenye jambo. Kijana anataka kupiga nyimbo za marehemu. Amemuuliza nani?

KIJANA WA BENDI: Hapo nimesoma sheria, mzee, usidhani nimekuja mikono mitupu. Hakimiliki ya Kenya inasema rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Santuri ya 1974, ulinzi wake uliisha 2024. Kila mwaka zinazidi kufunguka. Hakuna wa kumuuliza.

MWALIMU WA MUZIKI: Umesoma ukurasa mmoja. Geuza, kama mama alivyosema santuri. Rekodi ni kitu kimoja, utunzi ni kitu kingine. Ile rekodi, yaani sauti zilizonaswa siku ile, ndiyo inayoachiliwa baada ya miaka 50. Utunzi, maneno na mahadhi, unalindwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kakai amefariki 1987. Hesabu.

KIJANA WA BENDI: Mwisho wa 2037.

MWALIMU WA MUZIKI: Mpaka hapo kuna watu wa kuulizwa, na ni warithi wake, kama bado haki hiyo iko mikononi mwao. Ukisambaza santuri yenyewe ya 1974 huenda usimkosee mtu wa rekodi. Ukiimba wewe mwenyewe wimbo ule ule jukwaani, unadaiwa. Ni ajabu lakini ndivyo ilivyo.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Ngoja kwanza. Umesema maneno na mahadhi ni ya mtunzi.

MWALIMU WA MUZIKI: Ndiyo.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Na ile rekodi ni ya aliyegharamia studio.

MWALIMU WA MUZIKI: Mara nyingi, ndiyo.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Pete ya gitaa la pili iko kwenye fungu gani?

MWALIMU WA MUZIKI: Mpigaji ana haki zake kama mtumbuizaji, zimo kwenye sheria.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Sikuuliza kama zimo. Nimeuliza kama kuna mtu alishawahi kunilipa.

MAMA WA HOTELI: Mwalimu, hilo mwachie.

DEREVA WA LORI: Mimi nina neno moja niende zangu, mzigo unasubiriwa Athi River. Ninyi Wakamba mnashangaza. Pale Changamwe, karibu na kwetu, kuna chama cha ushirika cha wachongaji, Wakamba watupu, tangu 1963. Kila mchongaji ana namba yake chini ya twiga. Mtalii akinunua, namba inasomwa, mwenye twiga analipwa. Mmeweza kwa mbao, mmeshindwaje kwa nyuzi?

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Huyu bwana asiondoke. Mletee chai nyingine.

MWALIMU WA MUZIKI: Ni mfano mzuri, lakini una upande wake wa pili. Uchongaji huo ulianza na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu. Alikwenda kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona wachongaji wengine wanavyochonga, akarudi akaanza mwenyewe, akafundisha jamaa zake. Leo maelfu wanakula kwa kisu hicho. Nendeni Wamunyu mkawaulize vijana Mutisya Munge ni nani. Urithi wake umeenea mpaka jina likayeyuka ndani yake. Na Kakai kinyume chake: jina liko palepale linang'aa, ila bendi haiko, ushirika hauko, mwanafunzi wa moja kwa moja hayuko. Kama ungekuwa wewe, mzee, ungechagua lipi?

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Mimi jina langu halijawahi kung'aa, kwa hiyo nusu ya swali lako hainihusu.

MWALIMU WA MUZIKI: Jibu nusu iliyobaki.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Wamunyu wanakula. Basi.

MWALIMU WA MUZIKI: Lakini bila jina la Kakai, kijana huyu asingekuwa amekaa hapa. Hakuvutwa na pete ya gitaa, alivutwa na jina, na jina ndilo lililompeleka kwenye pete. Ukilifuta jina kwa ajili ya haki, umefuta na njia ya kufikia hayo unayoyadai. Wamunyu walikuwa na twiga mkononi, kila mtu anamwona. Muziki hauonekani. Unahitaji uso. Mimi ningekuwa nyinyi ningeandika Kakai Kilonzo kwa herufi kubwa kwenye bango, nikaenda kwa familia yake kwanza na kilo mbili za sukari.

MAMA WA HOTELI: Sukari na mkataba.

KIJANA WA BENDI: Na kwenye bango, baada ya Kakai, tuandike nini? Mzee anasema ndugu. Ndugu gani? Siwajui majina. Mtandaoni hakuna. Lebo za santuri hazisemi.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Waulize. Wako watu Kilimambogo, wako Tala, wako Kangundo. Wenye miaka sabini wanajua nani alikuwa anapiga nini, na nani alifukuzwa kwa sababu gani. Wamebaki wachache. Unapoteza wiki mbili kupunguza mwendo kwenye simu, na mwenye kidole chenyewe huenda yuko nauli ya basi moja kutoka hapa, amekaa chini ya mwembe.

KIJANA WA BENDI: Akikataa kunifundisha?

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Atakataa mara ya kwanza. Atakuambia amesahau. Mpelekee gitaa lenye nyuzi mpya, uliweke tu pale, usimwombe. Sasa nipe hilo lako.

MAMA WA HOTELI: Jamani, meza hiyo ina vikombe.

KIJANA WA BENDI: Hili hapa, mzee. Lakini acha nikuonyeshe kwanza nilivyolipata.

(Alipiga. Si vibaya. Dereva alisimama mlangoni na funguo mkononi, akasahau kutoka.)

MWALIMU WA MUZIKI: Ni hiyo hasa. Hiyo ni Kakai.

MPIGA GITAA WA ZAMANI: Hiyo ni simu. Unaipiga kama mtu anayekimbizwa. Kidole cha tatu kinatua mapema, kwa sababu ulisikia wimbo ukiwa umepunguzwa mwendo, hukusikia mguu wa mtu anayecheza. Na umeanzia mahali pa kuimba. Waimbaji wameshamaliza, wameshaitana majina, hakuna anayekutazama. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanzia. Geuza santuri. Anza upande wa pili.